Injini za Mapacha Zimechoka, Taata

Taata,

Shumalamu. Nimeanza na salamu kwa sababu nakufahamu. Mtu akikujia na maneno makali bila kusalimia, ulikuwa unamrudisha mlangoni aanze upya. Basi nimesalimia, na sasa naomba unisikilize mpaka mwisho.

Nakuandikia nikiwa barazani kwako, hapa Kishanda. Nimetoka Bukoba asubuhi kuja kumwona mama, nimemkuta kaenda kibanjani kukata ndizi, namsubiri. Boti yako imevutwa nchi kavu kule mwaloni, ufukweni mwa ziwa, na injini zake mbili zimefunguliwa. Fundi Rwiza anataka jibu langu leo: azifufue kwa mara nyingine, au azing'oe tufunge mpya. Jambo lenyewe ni la neno moja, na sijalitamka toka jana.

Nakumbuka siku ulipozifunga. Dizeli mbili za kufanana, zinang'aa, na wewe umevaa suti ya kanisani kwenye matope ya mwaloni. Ukazipa majina mbele ya watu: ya kushoto Ishengoma, ya kulia Kato. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa mdogo lakini sikucheka, kwa sababu nilijua kwamba Kato ni wewe, na Ishengoma ni pacha wako aliyekufa kwa surua kabla hamjaanza shule. Bibi alikuwa akisimulia kwamba hata baada ya kumzika aliendelea kukumenyea ndizi mbili za kuchoma, moja yako na moja ya mwenzako, maana pacha hapewi kitu peke yake.

Na wewe ukawalea wale wa chuma vivyo hivyo. Kato akibadilishiwa oili, Ishengoma naye anabadilishiwa, hata kama yake ilikuwa bado safi. Ringi za pistoni ulinunua za wote wawili. Mabaharia wako walikutania kwamba siku moja utawakatia mapacha hata bima ya afya, na wewe ulikuwa unacheka nao huku unafuta mafuta vidoleni. Nilikupenda sana ukiwa hivyo, na bado nakupenda.

Lakini kuna mwaka ambao nozeli ya Kato, ile ya kupulizia dizeli, ilikufa, na duka zima la Bukoba lilikuwa na nozeli moja tu. Tulikwenda wote kuichukua. Ulipofika mlangoni tukitoka ukasimama, ukaigeuzageuza mkononi, ukairudisha kwa muuzaji. Nikakuuliza kwa nini. Ukanijibu, "Mmoja ale, mwenzake atazame?" Tukarudi nyumbani mikono mitupu, na boti ikaenda na kurudi kisiwani Goziba miezi kadhaa ikitoa moshi mweusi. Haikuwa mara moja. Kila kilipokosekana kifaa cha wote wawili, hakuna aliyepata. Wakati ule niliona ni heshima kwa ndugu yako. Nilikuja kuyaona mengine wiki iliyopita, nikiwa katikati ya ziwa.

Tulikuwa tumetoka Goziba mchana, boti imejaa wanawake wa dagaa na wavuvi wanaorudi kwao. Upepo ukabadilika. Kato akazima, hakukohoa hata kidogo. Tukabaki na Ishengoma, naye akaanza kushuka sauti, na mawimbi yakatugeuza ubavu kuelekea kwenye mawe ya kisiwa cha njiani. Nahodha alikuwa anapiga kelele maji yachotwe. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Alifungua kitenge chake, akamfunga mtoto kifuani kwa nguvu, mafundo mawili, halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii boti ya nani?"

Nikamwambia, "Ya baba."

Una miaka mitatu kaburini, Taata. Boti ni yangu. Nilishindwa kumwambia hivyo usoni.

Ishengoma alishika tena, sijui kwa nini, akatuburuta mpaka tukafika. Sijapanda tena tangu siku hiyo.

Fundi Rwiza alizifungua akitumaini atakuta moja nzima, atoe vipuri vyake ampe mwenzake. Aliniita nione mwenyewe. "Dada Koku," akasema, "hizi zimezeeka pamoja. Pale alipolika huyu ndipo alipolika yule." Nikamuuliza kama zinaweza kufufuka. Akafuta mikono. "Zitawaka. Nitazichonga, nitazifunga, zitawaka vizuri tu. Ila mimi sitapanda kwenda nazo Goziba."

Nimekukasirikia, Taata. Uliwatendea haki mapacha wa chuma, na watu wenye damu ukawapandisha juu yao. Halafu najionea haya, kwa sababu najua hukuwa unahesabu hivyo. Ulikuwa pacha wa mtu.

Kinachonitisha zaidi ni mama. Siku ya mazishi yako aliagiza injini zote mbili ziwashwe kule mwaloni mpaka tumalize kuimba, ingawa huku Kishanda hakuna ambaye angezisikia. Nitamwambiaje kwamba nataka kuziuza chuma chakavu?

Namwona anakuja na mkungu kichwani. Naweka kalamu.

Taata, nimezungumza naye. Nimemwambia yote, hata mafundo mawili ya kitenge. Alinisikiliza huku anamenya ndizi, hakuinua macho.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba ruhusa?"

"Ego, mama, ruhusa yako."

"Zitoe. Zote mbili."

Nilidhani sikusikia vizuri. Ndipo akaniambia kwamba kila siku uliyokuwa ziwani yeye alikuwa hali kitu. Alipika, akapakua, chakula kikakataa kushuka. Watu wa usharika wakaona, wakasema mke wa Kato anafunga na kuomba. Mchungaji akamtaja kanisani kama mfano. Na wewe ukafurahi, ukawa unajisifu kwa wenzako kwamba umeoa mtu wa maombi.

"Nikaona aibu kusema ni woga tu," mama akasema.

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini, Koku? Achague, mimi au Ishengoma?"

Akaendelea kumenya. Nikachukua kisu, nikamenya naye.

Nimempigia fundi. Anazing'oa leo. Mpya zitakuwa mbili, kwa sababu boti kubwa hivi ikibaki na moja upepo utaichezea. Ila itakayougua itatibiwa peke yake, siku hiyo hiyo. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitabeba lawama.

Safari ya kwanza nitapanda mimi mwenyewe, nikae pale mbele watu wanione. Nimemwomba mama siku hiyo ale.

Amesema atajaribu.

Pumzika, Taata.

Ni mimi, binti yako mkubwa.