Kaburi la Mama Lilipofunguliwa

Thornbeck, Yorkshire
11 Oktoba 1936

Kwako dada yangu Hester,

Pokea salamu zangu, pamoja na za Baba, ambaye ameketi hapa karibu na moto akijifanya amelala. Hujambo? Na shemeji Callum, na watoto, na hiyo baridi yenu ya Saskatchewan? Sisi tu wazima, isipokuwa magoti ya Baba, ambayo siku hizi yanamtii yanapotaka yenyewe. Nimekaa kimya muda mrefu, lakini usidhani nimekusahau. Kuna jambo nililoshindwa kujua nilianzie wapi. Nitaliandika jinsi lilivyotokea, ulifikie kama nilivyolifikia mimi.

Lile bwawa limekuja kweli. Ulipoondoka yalikuwa maneno ya walevi tu. Sasa ukuta umesimama pale palipokuwa na kinu, na nyumba zimebomolewa kuanzia darajani. Bi Alderson ndiye aliyetoka mwisho. Msimamizi wa watu wa maji, kijana mpole, alipomwendea tena kumwambia ni lazima ahame, bibi alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, “Mimi nitaondoka, mwanangu. Kazi unayo kwa kuku wangu. Hawajui kuogelea, na barua za serikali hawasomi.” Hata yule kijana alicheka, kisha akambebea kuku wake mpaka kwenye gari.

Kwenye makaburi hakuna aliyecheka. Iliamriwa wafu wote wa parokia wahamishiwe Scar End, kule juu malishoni, ambako maji hayatafika. Unamjua Baba. Kila tuta la uwanja ule ana habari zake: Raistrick wa ukoo wetu aliyejenga daraja, Raistrick aliyefia kwenye theluji akitafuta kondoo, na yule babu aliyegombana na kina Alderson kwa sababu ya ukuta wa malisho, wakafa hawasalimiani. Huko Scar End koo hizo mbili zimepangwa ubavu kwa ubavu. Baba alipoambiwa hivyo alisema, “Basi watazozana mpaka parapanda ilie.” Kasisi Pelham akajifanya hakusikia.

Kila familia iliruhusiwa kumweka mtu mmoja ashuhudie. Baba alikataa. Alisema kwenye kaburi la Mama asisimame mtu, wamhamishe kimya kimya. Nilidhani ni uchungu. Nikamwambia Mama hawezi kubebwa na wageni kama gunia la viazi. Alinijibu, “Dorcas, nakuomba, niache.” Baba huamuru, kuomba hajapata kuomba kamwe. Ningepaswa kushtuka. Badala yake nilivaa koti, nikaenda.

Mvua ilikuwa nyepesi. Walikuwa wamezungusha maturubai ili watu wasione. Mzee Jabez, mchimba makaburi wetu, amezeeka sana, lakini alikataa kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Alisema aliowalaza yeye atawaamsha yeye. Unakumbuka Mama aliomba azikwe juu ya Bibi Tabitha, nasi tukashangaa, maana wawili hao hawakupatana hata kwenye kukanda mkate. Jeneza la Mama lilitoka zima. Tulikuwa tukingoja la Bibi, mara Jabez akaacha kuchimba, akavua kofia. Aliwaambia vibarua watoke nje wakavute tumbaku. Kisha akaniambia, “Na wewe pia, binti.” Nikakataa. Akasema, “Haya. Ila usipige kelele. Amelala hapa muda mrefu, hajasumbuliwa na mtu.”

Unalikumbuka kabati la Mama lililokosa droo ya chini, pale alipokuwa akiweka viatu? Droo ile ilikuwa humo kaburini. Ilikuwa imepigiwa ubao juu, na kishikio chake cha shaba bado kipo.

Nilimuuliza Jabez ni nani. Alisema kulisema hilo si kazi yake, ni kazi ya Baba.

Dada yangu, usisome zaidi ukiwa umesimama. Keti. Mwite Callum aketi nawe.

Tangu Mama alipofariki nawe ukanifungulia moyo kwa barua, nimekuwa nikimtafuta binti yako. Nimekwenda Whitby, nimegonga milango, nikiwaulizia fundi saa na mkewe waliochukua mtoto mchanga kutoka Thornbeck majira yale ya theluji. Watu walinitazama kama mwehu. Na kila nilipofunga safari, Baba alinifungia mkate na jibini ya njiani, asiseme neno.

Niliporudi kutoka makaburini na matope yangu, Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alisema tu, “Umeona.” Kisha akanieleza.

Hakukuwa na fundi saa, Hester. Mtoto wako hakutoka Thornbeck. Alizaliwa ukiwa na homa, hujitambui. Mama alimshika usiku kucha kifuani, na kulipopambazuka alikuwa amekufa. Ulipozinduka ukamwulizia, Mama aliona huna nguvu za kuzika mtu, akakwambia amechukuliwa na watu wema. Alikusudia kukwambia ukweli ukipona. Lakini ulipona kwa sababu ya uongo ule. Baba alisema, “Alikuwa anakula kwa ajili ya yule mtoto. Anaamka kwa ajili yake. Alitaka kwenda ng’ambo apate maisha, siku moja amrudie. Mama yako akasema, mwache kwanza avuke bahari. Kisha akafa yeye.”

Nilimuuliza kama mdomo wake nao ulizikwa pamoja na Mama. Baba alilia. Sikumbembeleza, na sikusema naye mpaka Jumapili. Sikuombi umsamehe, mimi mwenyewe sijajua kama nimemsamehe.

Nilitaka binti yako apate jeneza jipya. Jabez alisema mbao bado ni nzima, na humo ndimo alimozoea. Siku ya kumpeleka, Baba alimbeba mwenyewe. Kilima kile unakijua. Aliteleza, akaangukia goti moja, na Jabez alipotaka kumpokea alisema, “Ondoa mkono wako. Safari ile nilikupa wewe umpeleke peke yako.” Akanyanyuka, akamfikisha. Kasisi alisoma ibada yote, neno kwa neno, ibada ambayo hakuwahi kusomewa. Sasa amelala juu ya Bibi, na Mama juu yake, kama walivyokuwa.

Kasisi alipofika mahali pa kutaja jina alituangalia. Tulinyamaza wote, akasema “mtoto huyu”, akaendelea. Fundi wa mawe naye amekuja kuuliza. Baba alimjibu kwamba jina analo mama wa mtoto.

Katika barua zako zote umemwita “binti yangu” tu. Lakini najua ulimpa jina, hata kama hujawahi kulitamka mbele ya mtu. Fundi ameacha nafasi kwenye jiwe. Niandikie, dada, tulichonge.

Nisalimie shemeji na watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awe nawe usomapo haya, maana mimi niko mbali.

Ni mimi mdogo wako,
Dorcas Raistrick