Majibu Aliyoyachelewesha Sostenes

Mdogo wangu Bernadina,

Huku Ngokolo mvua imenyesha, na ng'ombe wa jirani yetu Bujiku amezaa. Sasa tulia nikueleze habari ya mwanao.

Ni kweli Sostenes alichelewesha maombi ya damu kwenye mtandao wa hospitali, lakini yalikuwa ya majaribio. Hakuna mgonjwa aliyeguswa. Ipo programu inayokaa kama mlinzi wa lango, ikigawa maombi kwa kompyuta mbalimbali. Ili aone simu za wauguzi zitafanya nini mtandao ukisuasua, aliiandikia maagizo: hili lipite, lile lisubiri kidogo, bila mpangilio, kama mtandao wa Kishapu ulivyo. Jibu lilipochelewa, simu za wauguzi ziliandika, “Hakuna damu.” Kumbe damu ipo.

Neno hilo ndilo tuliloambiwa siku tuliyompoteza binti yako Justa. Najua ndiyo maana humpokelei simu kaka yake Sostenes.

Sasa kosa hilo la simu, alilolifichua yeye, limerekebishwa. Simu zinaandika, “Subiri, jibu linakuja.” Wakubwa wa hospitali waliotaka kumfukuza kazi wamemshukuru.

Jana ameniuliza, “Mjomba, mama amenikataa?”

Nimemwambia hujamkataa, umechelewa tu kujibu. Atakupigia Jumapili baada ya misa. Usiniumbue.

Kaka yako,
Bartholomeo