Matawi mu Barabara ya Beni

Kambale mujukuu wangu,

Jambo sana kule Kampala. Hapa Bulengera tuko bazima, koko yako mwanamuke anavuna maharagi. Unaniuliza kama utamuamini namna gani ule mwenzako aliyekugonga mu mashindano ya pikipiki.

Wakati ya vita nilikuwa naendesha camionnette, gari kadogo ya mizigo. Siku moja, mu njia ya Beni, camion, lori kubwa, ikanigonga, nikaanguka mu mufereji, nusu ya gari ikabaki mu barabara, muguu ikabanwa ndani. Shofere wa ile camion akasimama. Nikaogopa, sababu wakati ile mwenye kukugonga alikuwa anakimbia. Mwenye kusimama alikuwa anataka kukuibia. Nikakamata clé ya roue, ile chuma ya kufungulia magurudumu. Nikamuona anakata matawi, anayapanga mu barabara. Nikawaza: anafunga barabara na barrière, benzake bako mu pori.

"Hapana karibia!" nikapiga kelele.

"Papa, ni miye nilikugonga. Acha kwanza nizuie bengine basikukanyage."

Sikumuamini. Halafu camion ingine ikashuka mbio. Shofere wake akaona matawi, akafunga breki, akasimama karibu na mulango yangu.

Ndiyo nikamupa ule shofere wa kwanza ile clé, akavunja nayo mulango, akanitoa inje.

Basi, huyu mwenzako, baada ya kukugonga, alifanya nini? Unielezee ile kwanza.

Mungu akuchunge.

Koko yako mwanaume