Mawese Juu ya Vipele

Alhamisi, mchana. Mvua imekatika lakini mawingu hayajaondoka, na ziwa lina rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Mwanangu Rehema amelala. Dagaa wa jirani walilowa jana kabla hawajakauka, wameanza kunuka, na mimi nimeshatapika mara mbili tangu asubuhi.

Ila si dagaa tu. Nimechefuka na watu.

Nimetafuta neno lenye adabu zaidi, sikulipata. Niandike kwa mpangilio, maana kichwa changu siku hizi kinavuja.

Jumamosi tulikuwa Ujiji kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Humu kwenye blogu nitamwita Zuhura. Jina nimelibadilisha, ila mwenyewe akisoma atajijua. Ilikuwa akika ya mwanawe mchanga. Mbuzi alichinjwa mapema, mtoto akanyolewa, wanawake tukajaa uani na masufuria ya ubwabwa. Mimi nilisema mgongo unauma, nikapewa kuchambua mchele.

Mgongo haukuwa unauma. Nina mimba ya wiki tisa, na kwetu mimba changa haitangazwi. Unakaa nayo kimya mpaka ijionyeshe yenyewe, watu wasije wakaitia macho. Waliokuwa wanajua ni baba Rehema na mama yangu, basi. Baba Rehema yuko Katonga kutwa nzima na mashine zake za boti, na akirudi hana maneno mengi. Mama yangu naye siri anajua kuitunza. Anajua sana, kama utakavyoona.

Nikiwa kwenye ungo wa mchele akaja Mwajuma, binti mkubwa wa Zuhura. Ana miaka minne na ananipenda mpaka inachosha. Alikuwa amepakwa mawese mwili mzima, kuanzia paji la uso hadi vidole vya miguu, anang'aa mwekundu. Harufu ya mawese mwezi huu naikimbia hata ikitoka jikoni kwangu.

"Wifi, mbona umemkaanga mtoto?" nikamtania Zuhura.

"Joto hilo," akasema bila kuniangalia. "Ana vipele vya joto. Mawese yanapoza."

Joto. Mvua ilikuwa imetunyeshea siku tatu mfululizo, usiku tunajifunika mablanketi mawili, na mimi nikakubali kwamba ni joto. Nikambeba. Akalala kifuani kwangu, shavu lake shingoni, akanipigia chafya mbili za usoni. Nikampangusa kamasi kwa kanga yangu. Baadaye walimpokezana wanawake wengine, kila mmoja anamwambia kanenepa. Rehema wangu alikunywa naye uji kikombe kimoja.

Jumapili Mwajuma alivimba tezi nyuma ya masikio, Zuhura akaogopa. Jumatatu akampeleka zahanati. Jumanne akatuma sauti kwenye kundi la familia, anacheka: "Jamani, mliouliza, mtoto yuko salama. Wamemtoa damu wakapime, ila nesi anasema inaelekea ni rubela, ile surua ya siku tatu. Wala si surua yenyewe! Saa hizi anakimbiza kuku."

Watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Shemeji mmoja akaandika: "Mawese yamefanya kazi."

Nilisikiliza ile sauti mara nne, mkono mmoja umeshika simu na mwingine uko tumboni.

Sikusoma sana. Niliishia kidato cha nne na matokeo yangu hayakuwa ya kumwonyesha mtu. Lakini mimba ya Rehema nilihudhuria kliniki kila walipopanga, na kulikuwa na nesi mmoja mwenye sauti ya kukwaruza aliyekuwa anatufundisha kabla ya kupima. Wengi walikuwa wanasinzia kwenye benchi. Mimi nilikuwa nakula udongo kwa siri, na udongo unakuweka macho. Alisema rubela kwa mtoto ni vipele na homa kidogo, vinapita. Kwa mwenye mimba changa ambaye hana kinga ni jambo jingine kabisa. Kile kirusi kinapita kwa mama kinafika kwa mtoto tumboni. Mimba inaweza kutoka. Isipotoka, mtoto anaweza kuzaliwa na ukungu machoni, au hasikii, au moyo una tundu. Na miezi mitatu ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Mama mwenyewe anaweza asitoke hata kipele kimoja.

Nikampigia Zuhura.

"Wifi, ulijua si joto?"

Nikasikia kuku kwa mbali.

"Vilianza Alhamisi," akasema. "Usoni, vikashuka. Sasa ningefanyaje? Mbuzi ameshafungwa uani, wageni wameshatoka Kasulu. Nikaona nimpake mawese watu wasimshangae mtoto."

Wasimshangae mtoto! Vipele vyekundu vimefunikwa kwa mafuta mekundu ili ubwabwa uliwe. Nilihisi kitu kinapanda kooni, na safari hii mimba haikuhusika. Nikamwambia nina mimba, na kwamba yeye kanibebesha ugonjwa kama mtu anavyobebeshwa pakiti ya sukari. Nilipaza sauti, jambo ambalo kwa wifi aliyenizidi umri sijawahi kulifanya.

Akanijibu polepole tu.

"Na wewe ungesema una mimba, si ningekuambia usimshike? Mimi nina macho ya kuona tumboni? Kila mtu alikuja na lake kalifunika, mama Rehema. Langu limeonekana kwa sababu lina rangi."

Nikakata simu. Hasira yangu ikabaki imesimama katikati ya chumba haina pa kukaa.

Kwa sababu ni kweli.

Jana asubuhi nilikwenda kliniki. Mama alitoka Mwandiga kuja kunishikia Rehema, tukakaa wote benchi moja. Nesi wa jana ni kijana, pengine tunalingana, ana macho ya mtu ambaye hajalala. Nilimweleza habari ya Mwajuma kwa sauti ya chini. Hakunicheka. Akaniuliza umri, akahesabu kwa vidole, akasema, "Wewe ulikuwa shule ya msingi ile kampeni ilipopita. Surua na rubela. Ulichanjwa?"

Kabla sijafungua mdomo mama akajibu.

"Alichanjwa, nesi. Kidole nilikiona kwa macho yangu."

Uso wa nesi ukalegea. Akashika kalamu aandike.

Sasa nikiri jambo ambalo sijawahi kulikiri kwa mtu yeyote. Siku ile ya chanjo nilikuwa darasa la sita. Ilikuwa imevuma shule nzima kwamba ile sindano inafunga kizazi, kwamba wasichana wakichomwa hawatazaa. Mimi na rafiki yangu Tatu tulipenya kwenye ua wa shule tukaingia shamba la michikichi, tukakaa huko tunamumunya chikichi mpaka kengele ya mwisho. Kila aliyechanjwa alipakwa wino mweusi kwenye ukucha wa kidole kidogo, mkono wa kushoto, ili asirudie. Sisi tulikwangua masizi kwenye sufuria la uji la shule, tukachanganya na wino wa kalamu, tukapakana. Tatu alinipaka mimi vizuri kuliko nilivyompaka yeye. Nyumbani nilimnyooshea mama kidole, naye akasema, "Mtoto jasiri."

Miaka yote nimekuwa nikisimulia kisa hiki moyoni mwangu kama kitu cha kuchekesha.

Jana, kalamu ya nesi ikiwa imegusa karatasi, hakikuchekesha. Nilisema, "Hapana. Sikuchanjwa. Nilipaka masizi." Benchi zima likageuka. Kuna mama mmoja alisema "He!" kwa sauti kabisa.

Nesi akainua kalamu.

"Umefanya vizuri kusema," akasema. "Ungenidanganya, ungekuwa unamdanganya nani? Mimi sina mimba."

Wakanitoa damu. Alinieleza taratibu. Damu ikionyesha nina kinga ya zamani, nimesalimika, maana wapo wanaougua utotoni bila kujua wakabaki na kinga. Ikionyesha sina, watanipima tena baada ya wiki mbili tatu kuona kama nimeambukizwa, na nitakwenda kwa daktari. Chanjo yenyewe siwezi kupewa sasa, haitolewi kwa mjamzito, mpaka nikishajifungua. Nikamuuliza dawa. Akasema hakuna dawa ya kukifukuza kile kirusi tumboni. Tunasubiri damu, na inasafirishwa.

Halafu akanyoosha mkono. "Kadi ya mtoto."

Nilijua kabla hajaifungua. Chanjo ya miezi tisa ipo. Ya mwaka mmoja na nusu, mstari mtupu. Rehema ana mwaka na miezi kumi. Mara ya kwanza mvua ilinyesha. Mara ya pili nilifika, foleni ikawa ndefu, nikarudi. Baada ya hapo nilikuwa nachoka tu. Nilikuwa nasema wiki ijayo, nafua, nalala, nasema wiki ijayo. Huyo ndiye mtoto aliyekunywa uji kikombe kimoja na Mwajuma. Na mimi ndiye niliyempigia wifi yangu kelele kana kwamba mimi ni safi.

Nesi alisema tu, "Ijumaa. Siku ya chanjo ni Ijumaa. Usikose." Afadhali angenifokea.

Nje, mama alikuwa anamfunga Rehema mgongoni, anavuta kanga kama anafunga mzigo wa kuni. Nilitegemea atanisema. Nilijiandaa kusemwa. Tukatembea mpaka karibu na stendi hajasema neno, ndipo akaguna kwa Kiha, "Mawe we!", yaani mama wee, kisha akatoa hili:

"Nilijua."

Nikasimama.

"Masizi nayajua, mwanangu. Nimepika miaka mingapi? Uliponionyesha kidole niliyaona. Nami nilikuwa nimeyasikia yale maneno ya kizazi. Nikasema moyoni, afadhali. Nikakuita jasiri ili nisikuulize."

"Na leo kwa nesi? Mbona umesema nilichanjwa?"

"Nimesema hivyo miaka yote mpaka nikaamini." Akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Mdomo ulitangulia."

Nilimpandisha gari la Mwandiga, nikamuaga kwa adabu kama kawaida, nikarudi nyumbani nikatapika.

Mama yangu nampenda. Alitembea na mimi mgongoni, na jana alitembea na mwanangu mgongoni, na goti lake bovu. Lakini nimechefuka naye pia, na nitaliacha hivyo leo, sitalipaka mafuta.

Leo asubuhi Zuhura ameandika ujumbe. Kwanza pole ndefu, nadhani ya kweli, anasema hajalala. Kisha: "Ila wifi, haya mambo yabaki kwetu. Usiyapeleke huko kwenye blogu yako. Watu watasema akika ya mwanangu ilikuwa ya magonjwa."

Nimekaa na ujumbe huo tangu saa tatu. Namhurumia, kweli. Ana kichanga cha kunyonyesha na sasa ana hofu nacho, na nimemwambia akipeleke zahanati leo leo, asisubiri. Ameniahidi. Nitampigia jioni kuhakikisha.

Ila kukaa kimya siwezi. Maana nafikiria ule uani. Wanawake wale wote waliompokezana Mwajuma. Mimi nilikuwa pale nachambua mchele na uongo wa mgongo. Ni nani mwingine alikuwa na mgongo unaouma? Ni nani alikataa nyama akasema ana kidonda cha tumbo? Nakumbuka mmoja, bi harusi wa juzi juzi tu, amekaa pembeni anatema mate kwenye kitambaa. Sikumjua jina. Alimbeba Mwajuma mpaka akasinzia.

Kwa hiyo naandika, na ninyi mliokuwepo mtanisoma, kwa sababu najua mnanisoma na hamsemi.

Kama Jumamosi ulikuwa Ujiji kwenye akika, ukambeba mtoto aliyepakwa mawese, na una mimba au unahisi unayo, haikuwa joto. Nenda kliniki. Si lazima umwambie mama mkwe, wala wifi, wala shoga yako. Mwambie nesi. Akikuuliza kama ulichanjwa na hujui, sema hujui. Usimwonyeshe kidole.

Nami ili nisiwe natoa amri nikiwa nimejifunika: nina mimba ya wiki tisa. Sasa mnajua wote, wenye macho mazuri na mabaya. Majibu yangu sijayapata. Huenda nina kinga, huenda sina, na huyu aliyemo humu ndani hajui kwamba watu wazima watatu tulificha kila mmoja chake mpaka vikamkuta yeye.

Nimeshaitoa kadi ya Rehema kwenye kabati nikaiweka juu ya viatu vyangu, mlangoni, ili nisiweze kutoka bila kuishika. Mvua ikinyesha tutalowa. Foleni ikiwa ndefu nitakaa chini.

Rehema ameamka, ananiita. Kesho ni Ijumaa.