Tundu la Mashua ya Padri

Mwamanyili, 7 Juni 1993

Baba Mkubwa Marcelo,

Mwangaluka, baba, na shikamoo. Natumaini kifua kimekupa nafuu tangu mvua zikatike, na dada Mektilda hajachoka kukuuguza. Huku tu wazima. Bibi Nyanjige macho yanamtoka machozi kwa moshi kama kawaida yake, ila mdomo haujazeeka. Ameniona nimerudi na suruali ya mifuko ya magotini, akauliza kama Mwanza siku hizi watu wanaweka akiba magotini.

Baba, miaka minne karakana ya boti imenifundisha kazi ya faiba. Sasa nataka kuifufua mashua ya tanga, ile aliyokuachia Padri aliporudi kwao, ile iliyoondoka na baba yangu. Imelala kifudifudi nyuma ya zizi tangu nikiwa darasa la pili. Kuku wanaangulia chini yake. Faiba haiozi. Bwana Josia, mnunuzi wa sangara, ana boti tatu za namna hiyo, na zikipasuka huzipeleka Mwanza. Ameniahidi mbele ya watu kwamba akiiona hii inaelea, boti zake zote atanipa mimi nizitengeneze.

Mashua ni yako. Naomba ruhusa.

Mwanao,
Mayige

Dutwa, 19 Juni 1993

Ng'wanawane, mwanangu Mayige,

Marahaba. Kifua ni kilekile, na macho yanafifia, lakini bado naandika mwenyewe. Nisalimie wote, hasa Bibi yako.

Mashua hiyo usiiguse. Ichome. Nitakupa mtamba, umuuze, ununue mtumbwi wa mbao. Chombo kilichoondoka na mtu hakirudishwi majini. Nikisikia umeigeuza utakuwa umenikosea.

Baba yako mkubwa,
Marcelo

Mwamanyili, 4 Julai 1993

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Pole na kifua. Sisi tu salama.

Barua yako ilinikuta nimekwisha kuigeuza. Nisamehe. Na mwalimu aliyetuchapa kwa kuamini mizimu, leo anaogopa mashua?

Lakini kuna jambo. Ulitusimulia kwamba ulisimama ufukweni ukaona mashua ikipanda mwamba, ikatoboka, baba akazama. Tundu lipo, ukubwa wa sinia. Ila mwamba hugonga kutoka nje, na nyuzi za faiba zikivunjika hulala kufuata pigo. Zilitakiwa ziwe zimeingia ndani. Hizi zimetoka nje, kama midomo ya mtu anayetema. Na kingo mbili zimenyooka. Mwamba haukati kwa mstari.

Nieleze, baba.

Mayige

Dutwa, 13 Julai 1993

Mayige,

Nani mwingine ameliona? Saga hizo nyuzi leo, kabla hujala. Ziba, nyamaza.

Marcelo

Mwamanyili, 2 Agosti 1993

Baba Mkubwa Marcelo,

Nakuamkia kwa sababu nimelelewa kuamkia.

Umeniuliza nani ameliona. Hukuniuliza moyo wangu ukoje. Basi nakujibu: wameliona wote. Josia ndiye aliyetangulia kulishika, akasema, "Hili ni shoka, kijana." Nikamwambia naam, tena lilipigwa kutoka ndani.

Jumapili Baba Shija, kama mkubwa wetu, aliuita ukoo. Amekumbusha kwamba mwaka ule wewe na baba mligombania ng'ombe wa mahari ya shangazi. Amekumbusha kwamba asubuhi ile ufukweni ulikuwa peke yako. Wengine wanasema uliitoboa mapema, ukaiziba kwa lami, ukamwacha aende nayo. Mimi sijasema hivyo. Lakini usiku nalala na neno hilo.

Mzee mmoja alipinga. Alisema, "Kama mwamba haukumwua, na Marcelo hakumwua, basi nani alimchukua?" Watu wakageuka kutazama nyumba ya Bibi Nyanjige. Hilo sikulijali. Ninayemtaka ni wewe. Tarehe 29 ukoo utakutana tena ufukweni, mbele ya mashua. Nyuzi sijazisaga. Nimeziacha zikungoje.

Mayige

Dutwa, 11 Agosti 1993

Ng'wanawane,

Mwangaluka. Usikimbilie mwisho, soma yote, ukiwa peke yako.

Lile ambalo hukulijali ndilo lililonifanya niseme uongo miaka kumi na minne.

Baba yako, mdogo wangu Luhaga, alitoka alfajiri kutazama nyavu. Jua lilipopanda niliikuta mashua imerudi yenyewe, imeegama kwenye mchanga. Nzima. Tanga juu, kofia yake ndani, samaki watatu bado wanatapatapa. Yeye hayupo. Mpaka leo sijui kilichompata. Naamini boriti ya tanga iligeuka na upepo ikampiga kichwani, maana ndivyo Padri alivyotuonya. Lakini sikuona. Mwamba niliubuni.

Unakijua kijiji chetu. Mtu akifa na chanzo kikaonekana, huliliwa na kuzikwa. Kifo kisicho na chanzo hutafutiwa mtu. Hupelekwa kwa mganga, na mganga hutaja kikongwe mwenye macho mekundu. Mwaka uliotangulia walimkata bibi kizee Milembe kwa mapanga, kisa kifo cha ndama. Na Nyanjige, mama mkwe wa Luhaga, tayari walikuwa wakimnong'ona. Macho yake ni mekundu kwa sababu kuni hazipo na tunapikia mavi ya ng'ombe. Mimi nililifundisha hilo darasani. Niliandika ubaoni: moshi.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia hata padri kitubioni. Nilipoiona mashua nzima na mdogo wangu hayupo, jina la kwanza lililonijia lilikuwa la Nyanjige. Mimi, mwenye cheti cha ualimu. Sikungoja mganga. Nilikwenda nyumbani, nikachukua shoka, nikaenda kwake. Shoka lile sikulichukua kwa ajili ya mashua.

Nilimkuta amepiga magoti anapuliza moto, machozi yanamtiririka. "Mwangaluka, mwalimu! Wajukuu nimewachemshia michembe ya viazi. Baba yao amerudi?" Akaliona shoka. "Unakwenda kukata nini mapema hivi?" Nikasema, "Kuni, mama." Akacheka mpaka akakohoa. "Kuni, Mwamanyili hii? Labda ukaipasue mashua ya Mzungu! Kaa kwanza ule."

Sikukaa. Nilirudi ufukweni nikiwa nimelowa jasho, nikaingia ndani ya mashua, nikaipiga. Sikufikiri kuhusu nyuzi. Nani wakati huo alijua habari za nyuzi? Kisha nikapiga yowe, watu wakaja, nikawaonyesha mwamba.

Ukiwaambia ukoo kwamba mashua ilirudi nzima, mimi utaniosha, na yeye hatamaliza wiki. Walinzi wa sungusungu hawatamlinda, baadhi yao ndio wale wale. Kwa hiyo chagua. Kama huwezi kulifuta neno lako, waambie Marcelo alimwua Luhaga kwa ajili ya ng'ombe. Semeni hivyo hata juu ya kaburi langu. Neno hilo halitanichubua. Ila huyo mama usiwape.

Hii ndiyo ya mwisho kwa mkono wangu. Macho yamegoma. Barua zako Mektilda atanisomea kwa sauti, naye hajui lolote. Andika ukilijua hilo. Hii itupe motoni.

Baba yako mkubwa,
Marcelo

Mwamanyili, 31 Agosti 1993

Baba yangu Marcelo,

Mwangaluka, na shikamoo, baba. Dada Mektilda, nawe shikamoo, msomee polepole. Kifua kinasemaje? Huku tumeamka vema, na upepo wa ziwa umeanza kupoa.

Mashua imekwisha. Tundu nililisaga mpaka pakawa laini kama bakuli, nikatandika nyuzi mpya tabaka sita ndani na nje, nikapaka rangi nyeupe. Juzi ukoo ulikuja ufukweni. Baba Shija akaniuliza mbele ya watu wote, "Haya fundi, pigo lilitoka wapi?" Nikamjibu nilikosea. Nikasema nyuzi nilizipindua mwenyewe nilipokuwa natoa uchafu, na zile kingo zilizonyooka ni za msumeno wangu. Nikasema ulikuwa mwamba, kama ulivyotusimulia, na nikaomba radhi kwa kukuvunjia heshima.

Wamenicheka sana. Josia alisema, "Asiyejua ndani na nje ataniziba boti nikiwa bado nimo!" Boti zake amezirudisha Mwanza. Watoto sasa wananiita Fundi Ndani-Nje, na hata Baba Shija ameanza kuniita hivyo. Nimezoea. Nitavua samaki.

Tulipoishusha majini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupanda. Bibi Nyanjige akavua kandambili, akanipa mkono, akapanda. Alikaa palepale kwenye kiraka, akakipapasa kwa kiganja muda mrefu. Akasema pakavu. Kisha akaniambia nikuandikie maneno haya kama alivyoyasema: "Mwambie mwalimu kuni zake najua alizikatia wapi. Aje ale michembe yake, haijapoa."

Nitakuwekea kikapu chake cha michembe kwenye basi la Alhamisi.

Mwanao,
Mayige