Nusu Chupa ya Bi Time

Jumatano, Chake Chake

Kinyaa kimenijaa, chai nimeisukuma kando.

Mate ya Bi Time, mmoja wa washiriki wa utafiti wetu wa kinga ya mwili, yalipopimwa yalitoka na alama ya maji yetu nusu tu ya inayotakiwa. Mwenzangu Hamadi akasema bibi huyo hanywi maji yetu. Leo nimevuka hadi Kisiwa Panza kumuuliza mwenyewe.

Zile chupa za maji yenye hidrojeni nzito, tunazowapa ili chembe mpya za kinga zizaliwe na alama na tuzihesabu kwenye damu, kaziweka juu ya kabati, ubavuni mwa msahafu. Nusu anakunywa. Nusu anampa mjukuu wake mwenye homa.

"Ana homa tangu lini, Bi Time?"

"Leo ya nne, mwanangu. Hospitali sijampeleka. Si mlitwambia maji haya yamesomewa, ni kama kombe, aya zilizooshwa zikanywewa dawa?"

Nilimbeba mtoto mwenyewe hadi kwenye boti. Kichomi. Kalazwa. Maji hayakumdhuru, kilichomdhuru ni kungojea yamponye. Usiku huu sijui kama atapambazukiwa...

Nilivyorudi nikamvaa Hamadi. Akacheka! "Bila ya kuwaambia kombe, nani angekunywa? Andika bibi kajitoa kwenye utafiti."

Kajitoa! Yeye aliyetuamini kuliko wote.

Nilitamani kumtemea mate usoni. Lakini siku ile Hamadi anataja kombe, nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja, fomu za ridhaa mapajani. Nilimsikia vizuri. Kisha nikamshika Bi Time kidole gumba, nikakichovya kwenye wino.