Kipimo cha Mvua cha Baba

Kaka,

Huku uwandani hatujambo sote, ila baridi inayoshuka kutoka milimani haina adabu. Kinamasi kimekauka, na korongo wamehama. Baba hatoki kitandani siku hizi, lakini kila asubuhi huniuliza kipimo cha mvua kinasema ngapi, kama vile bado yuko kazini kwenye kituo cha hali ya hewa.

Leo Mama alimwonea huruma, akamimina kikombe cha maji kwenye kipimo. Nikaenda kumwambia Baba, "Milimita kumi na mbili."

Akanusa hewa ya dirishani. "Mvua gani hii isiyo na harufu ya udongo? Andika sifuri. Halafu mwandikie kaka yako, na yeye usimdanganye."

Basi pale juu nilipoandika hatujambo, pafute.

Mdogo wako